Sikio Ndani ya Chumba cha Chai

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari hili leo kwa sababu nimekasirika, na kila ninayemweleza ananijibu, "Achana nayo." Daftari angalau haliwezi kunijibu hivyo.

Habari yenyewe ni hii. Dada yangu ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Mimi ni fundi wa vifaa vya kusikia, karakana yetu iko nyuma ya hospitali hiyohiyo. Wiki iliyopita dada alikuwa chumba cha chai na wenzake, akawatania kuhusu bustani mpya ambayo mkurugenzi ameipanda getini. Alisema, "Heri ningekuwa ua. Maua ishirini yana watunzaji watatu, wazazi thelathini wana mimi peke yangu." Wakacheka, wakanywa chai, wakarudi kazini.

Leo asubuhi kaitwa ofisini. Mkurugenzi akamsomea maneno hayo neno kwa neno, hata lile "peke yangu" akalivuta kama dada alivyolivuta. Halafu akamkabidhi barua ya onyo: kuudhalilisha uongozi. Dada ana miaka kumi na mitatu kazini na hajawahi kupewa hata karipio la mdomo.

Chumbani walikuwa wanne. Mmoja kati ya hao wanne ameuza wenzake.

Mvua imeanza leo. Bati la karakana linapigwa hivi kwamba hatuwezi kumpima mtu masikio.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Dada hajala vizuri tangu juzi.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa tunamjua. Yaani, dada anadhani anamjua, na mimi nadhani hivyohivyo.

Wauguzi walikuwa wakiandaa barua kwenda wizarani kuhusu upungufu wa watu wodini. Waliipanga hapohapo chumba cha chai, kimyakimya, na walikuwa hawajaipiga hata chapa. Jana mkurugenzi akamsimamisha mkunga mkuu kwenye korido, akamuuliza kwa upole, "Mmefika sahihi kumi na moja, au kuna aliyejitoa?" Mkunga mkuu ni mama mtu mzima, ndiye aliyewafundisha wote kazi, na si mtu wa kutetemeka. Jana alitetemeka.

Na jana hiyohiyo Redio alionekana akitoka ofisini kwa mkurugenzi.

Redio ni muuguzi, mmoja wa wale wanne, rafiki yetu wa miaka mingi. Tumempa jina hilo kwa sababu haishiwi habari: ukikaa naye dakika tano utajua nani kachumbiwa, nani kagombana na mama mkwe, na daktari gani anakoroma zamu. Anasema alikwenda kuomba ruhusa ampeleke mama yake kwenye matibabu ya figo. Dada kasema, "Ruhusa gani ya nusu saa?" Mtu mwenye mdomo kama ule, nani mwingine?

Jumanne, 11 Machi

Leo alikuja yule mwalimu wa darasa la pili. Kifaa chake cha kushoto kimekufa maikrofoni, yaani kile kijidude kinachonasa sauti, si kikubwa kuliko punje ya mchele. Kuibadilisha ni kazi ya dakika ishirini. Lakini hatuna. Hii ni mara yake ya tatu kurudi mikono mitupu.

Aliniambia kwamba wanafunzi wake wamegundua mchezo. Wanafumbua midomo bila kutoa sauti, wote kwa pamoja, ili aone wanasema na asisikie kitu. Basi yeye anavua kifaa, anakagua betri, na darasa linaangua kicheko. Aliisimulia huku akitabasamu, nami nilitazama chini kwenye meza.

Nilimuuliza Mzee kuhusu maikrofoni. Mzee ndiye fundi mkuu, hospitali nzima inamwita Lenzi kwa ile lenzi aliyoifunga kwenye paji la uso kama jicho la tatu. Alinipokea karakanani nikiwa sijui hata kushika koleo, akanifundisha kila kitu ninachokijua. Akasema, "Mzigo ulikuja pungufu, mwanangu. Tuvute subira." Nilimwambia mwalimu avute subira. Mwalimu akaniuliza, "Nini?"

Ijumaa, 14 Machi

Redio alipita karakanani kama kila Ijumaa, na njugu zake kwenye karatasi. "Fundi wangu, njoo nikupe ya leo, hii utaangukia pua!" Sikuinua kichwa. Niliendelea kuchomelea waya ambao ulikwisha kuchomelewa. Akasimama. Akasema, "Nimekukosea?" Nikasema, "Nina kazi." Akaziacha njugu mezani akaondoka.

Sikuzila. Nimefurahi kwamba sikuzila.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua siku nzima. Nimetengeneza vifaa viwili tu.

Alhamisi, 20 Machi

Dada anasimulia: Redio akiingia chumba cha chai, wote wanakaa kimya kama waliomwagiwa maji. Leo aliweka kikombe mezani, mkunga mkuu akakiondoa cha kwake akahamia dirishani. Redio akasema, "Semeni basi. Nimefanya nini?" Akanywa chai yake yote, polepole, amesimama, macho yamejaa machozi na hayakudondoka.

"Jeuri," dada alisema. Nami nikaitikia.

Jumatatu, 24 Machi

Jana mchana mzazi mmoja alijifungua kwenye benchi la korido. Wauguzi wawili wodini, mmoja akiwa na mama anayevuja damu, mwingine akikimbilia chupa ya dripu. Mtoto alidakwa na mwanamke aliyekuja kumtembelea ndugu yake. Wote wazima, ila ni bahati tupu. Ile barua ya wizarani bado haijaondoka, kwa sababu kila wakijipanga mkurugenzi anakuwa ameshafika mbele yao. Wawili walioweka sahihi wamehamishiwa stoo ya mashuka.

Redio ameomba likizo bila malipo. Kasema hawezi kufanya kazi na watu wasiomwitikia salamu. Nilipousikia uamuzi huo nilishusha pumzi: sasa watasema watakavyo chumbani mwao.

Jumatatu, 31 Machi

Redio ana wiki nzima hayupo. Leo mkurugenzi amemwita dada tena. Amemsomea tena, safari hii aliyoyasema jana chumba cha chai. Neno kwa neno.

Dada alirudi nyumbani na koti lililolowa, hakulivua, akasimama mlangoni akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia tangu tuzaliwe.

"Yale ya jana nilikwambia na wewe."

"Dada, umesema nini?"

"Nasema nilikwambia na wewe. Hapo mezani."

"Kwa hiyo mimi ndiye?"

"Sijasema wewe ndiye."

"Umesema!"

Tulipigiana kelele mpaka jirani akabisha hodi kutuuliza kama kuna msiba. Mimi na dada tumelelewa kwenye kitanda kimoja. Nina hasira hata sijui nimpelekee nani.

Jumatano, 2 Aprili

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa kinanizunguka.

Asubuhi radi ilipiga karibu na hospitali, umeme ukaruka, na chumba cha chai kikatoa moshi. Ekstensheni wanayochomekea birika ilikuwa imeungua. Saa nne dada alikuja karakanani nayo. Hatukuwa tumesemezana tangu Jumatatu. Akaiweka mezani. "Itazame, mdogo wangu. Wameniambia mimi ndiye nina fundi nyumbani." Nikajua hiyo ndiyo njia yake ya kuniomba radhi. Mimi si fundi wa ekstensheni, lakini nikachukua bisibisi.

Nikafungua skrubu nne. Ndani ya ekstensheni mna vipande vya shaba na nyaya tatu, basi. Humu mlikuwa na kitu cha ziada: kibao chembamba cha saketi kilichobandikwa kwa gundi, laini ya simu imechomekwa pembeni, na kwenye ncha ya waya mfupi, ikielekea tundu dogo lililotobolewa kwenye plastiki, maikrofoni.

Dada akauliza, "Hiyo ni fyuzi?"

Nilimweleza. Mtu anaipigia simu namba ya laini ile, kifaa kinapokea bila kulia, naye anasikia kila kinachosemwa chumbani kana kwamba kaketi mezani nanyi. Dada alivuta stuli akakaa. Kisha akasema neno moja tu: jina la Redio. Jina lake halisi, ambalo hatujalitumia miaka.

Dada aliitwa wodini. Nilibaki peke yangu, nikaivuta ile maikrofoni chini ya taa. Ikawa kama nimepigwa kofi.

Kila maikrofoni inayoingia karakanani naipima mimi, ingawa hesabu ya mzigo si kazi yangu. Iliyo nzima naiwekea nukta ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, nisije nikaipima mara mbili. Hakuna fundi mwingine ninayemjua anayefanya hivyo. Na pale, mgongoni mwa kile kijidude kilichokuwa kikiwasikiliza wauguzi wakinywa chai, palikuwa na nukta yangu nyekundu.

Mzigo haukuja pungufu. Mwalimu wa darasa la pili amechekwa wiki tano, na sikio lake lilikuwa kwenye ekstensheni ya birika.

Karakanani tuko wawili tu. Mimi, na Mzee.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilimsubiri. Aliingia saa mbili kasoro, akatundika mwavuli, akavaa lenzi. Nilimwamkia. Sijui kwa nini, hata leo nilimwamkia. Kisha nikaiweka ile maikrofoni mbele yake juu ya kitambaa cheupe.

Hakuhitaji lenzi. Aliivua.

"Umeipata wapi?"

"Mzee, hilo si swali la kuniuliza mimi."

Akakaa. Mvua ilikuwa imepungua, tukasikia matone yakidondoka kwenye ndoo moja moja. Akasema mkurugenzi alimwendea mwezi wa kwanza. Alimwambia dawa zinaibwa stoo, akamwomba vifaa vidogo vya kumnasa mwizi. "Nilitengeneza. Kutengeneza si dhambi. Sikumwambia akaviweke wapi."

"Ulimwuliza?"

Akakunja kona ya kile kitambaa cheupe.

"Vingapi?"

"Vitano."

"Mzee, vitano! Na mwalimu yule ulimwona akirudi mikono mitupu, ukasema mzigo umekuja pungufu! Ulinifanya nimwambie mimi!"

"Punguza sauti, mwanangu."

"Kwa nini? Na humu umeweka kimoja?"

Hapo nilimuumiza, nikaona. Alizeeka mbele yangu. Akasema amebakiza miezi mitano astaafu, kwamba mkurugenzi ndiye anayeidhinisha karatasi zake, kwamba alipogundua kuwa havikwenda stoo ya dawa ilikuwa imeshakuwa jambo gumu kulisema. Akasema, "Nimekufundisha kazi miaka tisa. Nakuomba hiyo miezi mitano tu."

Nilitaka kulia na nilitaka kupindua meza. Huyu ndiye aliyenifundisha kwamba kifaa cha mgonjwa hakiwekwi chini sakafuni hata kwa sekunde moja, kwa heshima ya sikio la mtu. Nilikusanya vitu vyangu nikatoka, mvuani, bila mwavuli.

Ijumaa, 4 Aprili

Saa nane mchana, wakati wa kubadilishana zamu, chumba cha chai kilijaa. Dada alifunga mlango. Nikaweka ekstensheni mezani, nikaifungua mbele yao, nikawaonyesha kila kipande na kazi yake. Nikawaonyesha nukta. Niliwaambia wazi: vifaa kama hiki vilitengenezwa vitano, maikrofoni hii niliipima mimi kwa mikono yangu, ikatoka karakanani kwangu bila mimi kujua, na aliyeitengeneza nitamsema mbele ya wakubwa, si pembeni.

Dada akaitazama ile nukta kwa karibu. "Kumbe ndiwe uliyeniibia rangi yangu ya harusi!" Ni kweli, ni kichupa alichokinunua kwa harusi yake na nikakihamishia karakanani. Watu walicheka, kile kicheko cha mtu aliyeshikwa na hofu muda mrefu. Halafu wakanyamaza wote kwa pamoja, na nilijua kila mmoja alikuwa anamfikiria nani.

Mkunga mkuu akasema, "Umesema vitano. Tutafute."

Tulipata cha pili nyuma ya saa ya ukutani katika ofisi ya zamu.

Cha tatu sitaki kukiandika, lakini nitakiandika. Kilikuwa kwenye chumba cha ushauri. Ni kachumba kenye viti vitatu na boksi la karatasi laini. Humo ndimo mama anaambiwa kwamba mtoto hakupona. Humo ndimo watu wanapewa majibu yao ya vipimo. Binti wa miaka kumi na sita, anayeogopa kusema nani kampa mimba, anasemea humo, kwa sababu muuguzi amemuahidi kwamba hakuna anayewasikia. Kilikuwa chini ya kiti cha katikati, kiti cha mgonjwa.

Mkunga mkuu alipokiona alikaa chini sakafuni, mama yule mtu mzima na sare yake nyeupe. "Nimewaahidi," alisema. "Miaka yote hii nimewaahidi kwa mdomo wangu."

Sijawahi kuwa na hasira kama hii. Nimejaribu kuitafutia maneno na daftari halitoshi. Ya chai tungeyasamehe. Lakini kuna mtu amekaa kwenye kiti cha ngozi akamsikiliza mwanamke akiuliza mtoto wake alikuwa wa kike au wa kiume, kisha akaendelea na kazi zake za siku.

Viwili hatujavipata.

Jumanne, 8 Aprili

Nimesimamishwa kazi. Barua inasema natuhumiwa kutengeneza na kutega vinasa sauti haramu "kwa sababu zinazochunguzwa." Bodi itakaa tarehe kumi na tano. Mkurugenzi ameniwahi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua kubwa. Dada amepika kila siku vitu ninavyovipenda. Tumevifunga vile vifaa vitatu kwenye bahasha, mkunga mkuu akaweka sahihi juu ya gundi, na bahasha anakaa nayo yeye.

Nilikwenda kwa Redio. Mlango ulifunguliwa na shemeji yake akasema hayupo. Viatu vyake vilikuwa pale kizingitini.

Jumanne, 15 Aprili

Bodi ilikaa chumba cha mikutano, saa tatu asubuhi. Mwenyekiti ni mama mmoja mwanasheria aliyestaafu, mwembamba, anayeandika kwa penseli. Mkunga mkuu aliweka bahasha mbele yake ikiwa imefungwa. Mzee alikuwa kwenye kiti cha mwisho, suti yake ya zamani imembana mabegani. Hatukutazamana.

Mkurugenzi alisema kwanza. Ana sauti nzuri, mtu yule, sauti ya kutangaza habari. Alisema anasikitika. Alisema hospitali imeingiliwa na fundi mwenye kinyongo, ambaye dada yake alikuwa na barua ya onyo. Akasema, "Na hana pa kukwepea, Mheshimiwa Mwenyekiti. Vifaa vina alama yake. Ana tabia ya kuweka nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Rangi yenyewe aliiiba kwa dada yake, ile ya harusi."

Dada alinishika goti chini ya meza, kucha zikaniingia.

Nilisimama. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Naomba kuuliza. Mkurugenzi amejuaje habari ya rangi ya harusi?"

"Ni jambo linalojulikana."

"Halijulikani. Hata mimi sikujua kwamba dada analijua. Alilisema mara moja tu, Ijumaa tarehe nne, saa nane mchana, chumba cha chai. Mlango ulifungwa. Mkurugenzi hakuwemo."

Mwenyekiti aliacha kuandika. "Ulikuwemo?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

Hapo ndipo mkurugenzi alipokosea. Angeweza kumtaja yeyote kati yetu, na tungebaki kugeukiana tena kama mbuzi waliofungwa kamba moja. Lakini kwa kuwa alikuwa amezoea, alimtaja yule aliyezoea kutajwa. Alimtaja Redio.

Chumba kizima kikaguna. Mkunga mkuu akasema, bila hata kusimama, "Yuko likizo tangu mwezi wa tatu. Karatasi ya likizo umeisaini wewe."

Mwenyekiti akamgeukia Mzee. "Fundi mkuu, wewe ndiwe uliyempa habari ya alama hii?"

Mzee akasimama, mikono juu ya mgongo wa kiti cha mbele. "Sikumpa," alisema. "Nilimpa vifaa. Vitano. Nilivitengeneza mimi, kwa maikrofoni za wagonjwa, na huyu binti hakujua lolote mpaka alipoifungua ile ekstensheni." Kisha akageuka kwangu, si kwa mwenyekiti. "Nilipaswa kusema siku ile uliponiuliza."

Mkurugenzi alianza kusema mambo ya usalama, kwamba mtu asiye na la kuficha hana la kuogopa. Mwenyekiti akamwambia, "Basi kiletwe kile kiti cha chumba cha ushauri hapa mbele, uketi juu yake, utueleze yako." Hakuketi.

Wakamtuma karani na mkunga mkuu chumba cha chai, watafute kilichosikia habari ya harusi. Walirudi baada ya robo saa na sanduku la maoni. Lile la mbao, lenye kufuli, lililoandikwa MAONI YAKO NI MUHIMU. Lilitundikwa mwezi wa kwanza, na kila Jumatatu katibu muhtasi wa mkurugenzi alikuja na ufunguo "kukusanya maoni." Ndani hamkuwa na karatasi hata moja. Mlikuwa na kifaa na betri mpya.

Dada alicheka mpaka akalia. "Tulilalamika kwamba maoni yetu hayafiki!"

Jumatano, 23 Aprili

Mkurugenzi amesimamishwa, polisi wamechukua vifaa vyote vinne. Cha tano hakijulikani kilipo. Mwenyewe anasema hakumbuki. Nimerudishwa kazini kwa barua ya mistari miwili.

Barua ya wauguzi imeondoka, na sahihi ishirini na sita.

Jumatatu, 28 Aprili

Mzee amekuja kukabidhi funguo. Hakungoja miezi yake mitano. Alinyoosha mkono, nikaupokea, kwa sababu alisema kweli kabla ya kulazimishwa. Lakini sikumwambia "si kitu," ingawa alisubiri niseme.

Ijumaa, 2 Mei

Mzigo wa maikrofoni umefika. Wa kwanza niliyemwita alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Nilipomvalisha kifaa alifumba macho, akasema, "Mvua. Kumbe inanyesha." Nilimsindikiza mpaka mlangoni nikarudi mezani kwangu, nikakaa tu.

Jumanne, 6 Mei

Redio amerudi kazini. Wauguzi walimwandalia keki chumba cha chai, mkunga mkuu akamwomba radhi mbele ya wote, dada akalia. Redio aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimerudi kwa sababu kazi ni yangu. Chai nitanywea nje." Akachukua kikombe akatoka. Keki ilibaki haijakatwa.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua imekatika tangu juzi. Saa sita nilimkuta Redio kwenye benchi la nje, nyuma ya wodi. Nilikaa, nikaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilisema tu, "Uliniuliza kama umenikosea. Hukunikosea. Mimi ndiye niliyekukosea, na niliona fahari."

Redio aliendelea kutazama mbele. Watu walipita, wakamsalimu, akawaitikia kwa kichwa. Mtu ambaye zamani hakuweza kumwacha mtu apite bila habari! Dada anasema wodini sasa anazungumza ya kazi tu: dripu, presha, kitanda cha sita. Mkurugenzi atapata wakili, atapata hata kazi nyingine mahali pengine. Hiki alichomfanya huyu hakijaandikwa kwenye shtaka lolote. Nilikaa pale nikiwaka, nikimkasirikia mkurugenzi na nikijikasirikia mimi, maana yeye aliweka vifaa tu, kumtenga mwenzetu tulimtenga wenyewe.

Nikamuuliza, "Mama anaendeleaje?"

Redio akanitazama. Akatazama dirisha la chumba cha chai. Akautazama mkoba wangu uliokuwa mapajani.

"Ufungue," alisema.

Niliufungua. Nikaumwaga wote kwenye nafasi ile katikati yetu: funguo, leso, bisibisi mbili, kitana, vidonge vya kichwa. Nikaugeuza ndani nje. Nikatoa na simu yangu, nikaizima mbele yake, nikaiweka juu ya leso. Alivipitia kimoja kimoja kwa kidole, bila haraka, kama anavyokagua sinia la vifaa kabla ya kuzalisha.

Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, akaanza kuniambia habari za mama yake.